Sharti Linaloachwa Getini

Kwa zaidi ya miaka 30 watafiti wa utalii wamekuwa wakiwauliza wageni wa hifadhi, misitu na fukwe swali moja: uko tayari kulipa kiasi gani ili viumbe uliokuja kuwaona waendelee kuwepo? Nchi hutofautiana, viumbe hutofautiana, lakini majibu yanaelekeana mno. Mara nyingi mgeni husema angeweza kulipa zaidi ya anachotozwa sasa, na mara nyingi ripoti humalizika kwa pendekezo lilelile, kwamba kuna fedha imelala mfukoni mwa mtalii na mwenye hifadhi apandishe ada aichukue. Nikizirejea kumbukumbu za nchi zilizojaribu kufanya hivyo, za karibu na za mbali, naona pendekezo hilo linaruka hatua. Mtalii aliyehojiwa hakusema tu kwamba atalipa dola kadhaa zaidi. Alisema atalipa dola hizo ikiwa zitatumika kuhifadhi matumbawe, tembo au msitu uliotajwa kwenye dodoso. Jibu lake lina sehemu mbili, kiasi na sharti. Wapanga ada huchukua kiasi wakaliacha sharti, nami nashikilia kwamba kiasi kilichobanduliwa kwenye sharti lake ni tarakimu isiyo na mwenyewe. Hakuna mgeni aliyewahi kuitamka.

Ili kuona kwa nini viwili hivyo havitenganishiki, inafaa kukumbuka swali lenyewe lilivyotengenezwa. Mwaka 1963 Robert Davis, akiandika tasnifu yake katika Chuo Kikuu cha Harvard, aliwauliza wawindaji na wapenda mapumziko wa misitu ya Maine thamani wanayoipa misitu ile, kwa kuwa halikuwepo soko la kumwonyesha bei. Njia hiyo iliendelea kuwa ya wanazuoni mpaka Machi 1989, meli ya Exxon Valdez ilipomwaga mafuta kwenye pwani ya Alaska. Ghafla ikabidi ithaminiwe hasara ya watu ambao hawakuwa wavuvi wala wenye hoteli, waliotaka tu pwani ile ibaki salama. Serikali ya Marekani ikaunda jopo chini ya Kenneth Arrow na Robert Solow, wachumi wawili wenye tuzo ya Nobel, na mwaka 1993 jopo likatoa miongozo yake: mhojiwa aelezwe waziwazi ni mpango gani anaoulizwa kuugharamia, aulizwe kama mpiga kura anayejibu ndiyo au hapana kwa bei iliyotajwa, na akumbushwe kwamba fedha akiitoa hapa hatakuwa nayo kwa matumizi mengine. Maana yake ni kwamba mtu huwa tayari kulipia jambo fulani, litakalofanywa na mtendaji fulani, kwa njia fulani ya malipo. Badilisha jambo, mtendaji au njia, nawe utapata jibu jingine. Ni kama ahadi ya mchango wa harusi. Aliyeandika kwenye kadi kwamba atatoa laki moja hakuiruhusu kamati imlipie mwenyekiti deni lake, na kamati ikifanya hivyo isishangae kadi za mwakani zikirudi tupu.

Mahali ambapo ahadi na malipo vimeweza kulinganishwa vizuri ni Bonaire, kisiwa kidogo cha Karibi kinachoishi kwa wapiga mbizi. Hifadhi yake ya bahari ilianzishwa mwaka 1979 kwa fedha za wafadhili. Fedha hizo zilipokwisha, ikawa hifadhi ya kwenye karatasi, huku wapiga mbizi wakizidi kumiminika juu ya matumbawe yasiyo na mlinzi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ikafufuliwa, na wageni wakahojiwa kuhusu ada. Walio wengi walisema dola 10 kwa mwaka ni haki, na sehemu kubwa yao wangekubali hata maradufu. Ada ya dola 10 ikaanza mwaka 1992, na kwa muda mfupi hifadhi ikaanza kujilipia gharama zake. Inavutia kuona jinsi ada ile ilivyofungwa kwenye ahadi yake. Fedha ilibaki kwa wasimamizi wa hifadhi. Mpiga mbizi alipewa kitambulisho cha kufunga kwenye vifaa vyake, hivyo kila mtu kwenye boti aliona nani amechangia. Maboya ya kufungia boti, yanayozuia nanga kuvunja matumbawe, yalikuwepo mbele ya macho yake kila alipoingia majini. Mwaka 2005 ada ikapandishwa hadi dola 25 kwa wapiga mbizi, na baadaye ikapanda tena. Wageni hawakukimbia. Walianza kutozwa chini ya walichosema wangeweza kulipa, wakaona kazi, kisha wakaongezewa.

Pwani yetu ina mfano wake. Kisiwa cha Chumbe, kusini magharibi mwa mji wa Unguja, kilitangazwa hifadhi ya matumbawe mwaka 1994 na kinaendeshwa na kampuni isiyogawana faida. Kina vibanda 7 tu vya kulala wageni, na mapato ya wageni hao ndiyo yanayolipa askari wa hifadhi, ambao wa kwanza walikuwa wavuvi wa eneo lile, na safari za wanafunzi wa Zanzibar wanaoletwa kuyaona matumbawe ya kwao. Bei ya kulala Chumbe ni kubwa kwa vibanda vya makuti visivyo na kiyoyozi. Mgeni anayekubali kuilipa hawezi kusemwa kwamba amenunua kitanda. Amenunua kitanda pamoja na mpango ulio nyuma ya kitanda, na mpango huo umeelezwa kabla hajapanda boti. Mtu anaweza kusema Chumbe ni padogo mno kufundisha nchi nzima. Ni kweli kwa ukubwa. Lakini kinachofanyika pale hakihitaji udogo. Kinahitaji hesabu inayoonekana, na hesabu inaweza kuonekana hata kwenye hifadhi yenye mageti kumi.

Nakuru inafundisha upande mwingine wa jambo hilihili. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti wawili, Ståle Navrud na Eric Mungatana, walikadiria thamani ya kuangalia wanyama katika Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Nakuru kuwa kati ya dola milioni 7.5 na 15 kwa mwaka, na zaidi ya theluthi moja ya thamani hiyo ilitokana na heroe, ndege wale wa rangi ya waridi waliolifunika ziwa. Utafiti wao ulikuwa miongoni mwa tafiti za mwanzo za namna hii barani Afrika, na uliwapa watetezi wa ziwa silaha ya hoja: ndege hawa wanaingizia nchi fedha, tuwalinde. Kisha, kuanzia miaka ya 2010, maji ya ziwa yakapanda, yakameza geti kuu na majengo ya hifadhi. Magadi yalipopungua nguvu, mwani unaoliwa na heroe ukapungua, na wengi wa ndege wakahamia kwingine, hasa Ziwa Bogoria. Hakuna askari wa getini angeweza kuwazuia. Afya ya Nakuru inaamuliwa na mvua, na ardhi na mito ya bonde lote linalomwaga maji ziwani, ikiwa ni pamoja na misitu ya Mau iliyokatwa kwa miongo, mbali na pale kiingilio kinapokusanywa. Mgeni aliyesema angelipia heroe alikuwa analipia, bila kujua, bonde zima. Ada inayotumika ndani ya uzio pekee haikuwa ikitimiza alichokusudia, hata kama ilitumika kwa uaminifu mkubwa. Kwa hiyo sharti la mlipaji lina kina kuliko kutoibiwa. Linataka fedha ifike pale ambapo kiumbe anaokolewa au anapotea.

Watetezi wa ada kubwa hupenda kuitaja Rwanda, na wana haki. Mei 2017 nchi hiyo ilipandisha kibali cha kuwaona gorila wa milimani kutoka dola 750 hadi 1,500 kwa mtu mmoja, kwa saa moja tu mbele ya wanyama. Uganda wakati ule ilitoza dola 600 kwa gorila wa jamii hiyohiyo. Vibali vilivyouzwa vilipungua, lakini mapato yakaongezeka. Wengi huishia hapo na kuhitimisha kwamba watalii hawajali bei. Ninavyoona mimi, bei ile ilisimama kwa sababu ya kile kilichokuwa kimejengwa chini yake kwa miaka mingi. Utalii wa gorila upande wa Rwanda ulianza mwishoni mwa miaka ya 1970, wakati gorila wa safu ya Virunga walipokuwa wakielekea kutoweka. Sensa ya mwaka 1981 iliwakadiria kuwa 254. Sensa ya mwaka 2015 na 2016 iliwahesabu 604 katika safu hiyo, na wakijumlishwa na wale wa Bwindi, nchini Uganda, idadi yote ikawa 1,063. Novemba 2018 wakaondolewa kwenye kundi la viumbe walio hatarini kabisa kutoweka na kuwekwa daraja moja nafuu zaidi. Kwa hiyo anayelipa dola 1,500 ananunua kwa shirika lenye rekodi: wageni 8 kwa kundi kwa siku, madaktari wa wanyama wanaoingia msituni, askari wanaowafuata gorila kila siku. Na siku ada ilipopandishwa, gawio la vijiji jirani lilipandishwa pia, kutoka asilimia 5 ya mapato hadi 10. Kiasi na sharti vilipanda pamoja.

Ikiwa hoja hii ni ya kweli, basi bei iliyopanda peke yake inapaswa kuyumba, na kumbukumbu zinaonyesha imewahi kuyumba. Mwaka 1994 Costa Rica, nchi inayosifiwa kuliko zote kwa utalii wa mazingira, ilipandisha kiingilio cha wageni kwenye hifadhi zake za taifa kutoka kama dola moja na robo hadi 15 kwa mkupuo mmoja. Kampuni za utalii zililalamika, watembeleaji wa kigeni wakapungua, na mwaka 1996 kiingilio kikateremshwa hadi dola 6. Bhutan nayo ilipandisha ada yake ya maendeleo endelevu kutoka dola 65 hadi 200 kwa usiku mwaka 2022, ikaipunguza hadi 100 mwaka uliofuata. Sidai kwamba sababu ilikuwa moja tu. Bhutan ilikuwa ikitoka kwenye janga la korona, na Costa Rica ina majirani wenye misitu kama yake. Hata hivyo, katika nchi zote mbili mgeni aliiona bei mpya kabla ya kuona lolote jipya ambalo bei hiyo ingelifanya. Hakuna aliyemwonyesha boya, askari au daktari wa wanyama aliyeongezwa. Aliombwa aamini, na imani inayoombwa kwa ghafla huwa ghali.

Kuna pingamizi la wachumi ambalo halistahili kupuuzwa. Wanasema maneno ya dodoso ni rahisi, kwamba mtu husema atalipa 50 na akifika dirishani hulipa 20, kwa hiyo kujenga hoja juu ya sharti la jibu ni kujenga juu ya mchanga. Ni kweli kwamba majibu ya kudhaniwa mara nyingi huzidi malipo halisi. Majaribio mengi yamethibitisha hivyo, na ndiyo maana jopo la Arrow na Solow lilisisitiza tahadhari. Lakini pingamizi hili linaipa nguvu hoja yangu. Wahojiwa hutia chumvi zaidi wanapodhani jibu lao halitabadilisha kitu, na husema kweli zaidi wanapoamini kwamba kinachoulizwa kitatekelezwa na wao watadaiwa. Jibu linakuwa la kuaminika pale mpango unapokuwa mahususi na mtendaji anapojulikana. Pengo kati ya 50 na 20 kwa sehemu ni kipimo cha mashaka: mgeni anajibu kwa ajili ya hifadhi aliyoelezwa, kisha analipa kwa ajili ya hifadhi anayoiona. Anayetaka kulipunguza pengo hilo awakaribishe wageni kwenye hesabu zake, badala ya kutafuta fomula ya kukata asilimia fulani ya majibu.

Pingamizi la pili ni la wafanyabiashara. Mtalii wa Serengeti au Mara, wanasema, hajui hata anatozwa kiasi gani getini. Amelipa kampuni ya utalii maelfu ya dola, ada imemezwa ndani ya bei ya safari, na mtu aliyesafiri kutoka Ulaya hawezi kugeuza gari kwa sababu ya dola 50. Kaunti ya Narok, yenye hifadhi ya Maasai Mara, kuanzia mwaka 2024 inatoza wasio wakazi dola 100 kwa siku katika nusu ya kwanza ya mwaka na 200 katika nusu ya pili, nyumbu wanapovuka, na magari bado yamepangana mtoni. Nakubali sehemu kubwa ya hoja hii. Mgeni aliyekwisha fika atalipa karibu chochote. Lakini malipo ya aliyekwisha fika hayatupi habari juu ya utayari wake wa kuhifadhi. Yanatuambia kwamba amebanwa, na aliyebanwa hutoa uamuzi wake baadaye, anapochagua pa kwenda mara ijayo au anapowashauri jamaa zake. Na kabla yake kuna wakala, ambaye anaijua kila ada kwa senti na anayeilinganisha Mara na Serengeti, na Afrika Mashariki na Botswana. Wakala huyo hawezi kumweleza mteja kwa nini siku moja imegharimu dola 200 ikiwa hana cha kumwonyesha. Anacho pale ambapo wasimamizi wamekubali kuonekana. Pembetatu ya Mara, upande wa magharibi wa hifadhi hiyohiyo, tangu ilipokabidhiwa kwa shirika la Mara Conservancy mwaka 2001 imekuwa na desturi ya kutoa taarifa za kila mwezi, zenye mapato, majangili waliokamatwa na mitego iliyong'olewa. Kazi hiyo inafanywa na ofisi ya kawaida, porini, kwa hiyo hatuwezi kusema haiwezekani.

Pingamizi zito kuliko yote linatoka Hazina. Kwa nini fedha ya Serengeti ifungwe kwa nyumbu wakati zahanati haina dawa? Mali ya asili ni ya taifa, na taifa lina haki ya kupanga mahitaji yake kwa pamoja. Ni kwa mantiki hiyo kwamba sheria ya fedha ya mwaka 2020 Tanzania ilihamishia kwa Mamlaka ya Mapato kazi ya kukusanya mapato yaliyokuwa yakikusanywa na Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA) na Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro, na hifadhi zikawa zinasubiri mgao wa bajeti kama idara nyingine. Siidharau mantiki hiyo. Mama anayejifungulia njiani ana dai zito kuliko simba. Lakini serikali ina chombo halali cha kudai sehemu yake kwa ajili ya zahanati, nacho ni kodi. Tangu Julai 2016 huduma za utalii Tanzania zinatozwa asilimia 18 ya kodi ya ongezeko la thamani, na hakuna mgeni anayedai kwamba kodi hiyo inunue risasi za askari wa hifadhi. Kodi haikuahidi chochote mahususi. Ada ya uhifadhi imeahidi, kwa jina lake na kwa tafiti zilizotumika kuitetea. Nchi ikitaka zaidi kwa ajili ya hospitali, iongeze kodi kwa uwazi na ipokee matokeo yake. Ikiipandisha ada kwa hoja ya tembo kisha ikaitumia kwingine, inakopa kwenye uaminifu wa hifadhi, na deni hilo litadaiwa hifadhi, ingawa siyo iliyokopa.

Wapo wanaohofia jambo jingine, nami nawaelewa. Ukimpa mlipaji sharti, wanasema, umemkabidhi usukani: mgeni atachagua gorila, simba na tembo, na viumbe wasio na sura ya kuvutia watasahaulika. Kumbukumbu ya Kihansi inatosha kuipa hofu hiyo uzito. Mwaka 1996, wakati bwawa la umeme likijengwa, watafiti waligundua katika korongo la Kihansi, kwenye milima ya Udzungwa, chura mdogo wa rangi ya dhahabu anayezaa badala ya kutaga, aliyeishi kwenye eneo la kama hekta 2 lililoloweshwa na manyunyu ya maporomoko, na pengine popote duniani asipatikane. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo, manyunyu yakakauka. Vinyunyizio vya bandia vikawekwa, vyura wapatao 500 wakapelekwa Marekani kuzalishwa kwenye bustani za wanyama, na mwaka 2009 chura huyo akatangazwa kuwa ametoweka porini. Mwaka 2012 wakaanza kurudishwa. Katika kisa hicho chote hakuna mtalii aliyetoa kiingilio. Gharama zilibebwa na serikali, mikopo na misaada. Milima ya Tao la Mashariki, ikiwemo Usambara na Udzungwa, ina viumbe wa pekee wengi kuliko nyika za kaskazini, lakini wageni ni wachache.

Jibu langu ni kwamba sharti la mgeni halikuwa kamwe kuchagua spishi moja na kuziacha nyingine. Tafiti huuliza kuhusu kiumbe maarufu kwa sababu ndiye anayeeleweka haraka. Ukimweleza mtu yuleyule kwamba sehemu ya ada yake ya Serengeti inalinda misitu ambayo hataiona, humdanganyi wala humwibii, mradi umemwambia. TANAPA kwa miaka mingi imegawa mapato kwa namna hiyo: hifadhi chache zenye wageni wengi, Kilimanjaro na Serengeti zikiwa mbele, zimezibeba nyingine ambazo mapato yake hayatoshi kulipa askari wake. Huo ni mpango mzuri kuliko ungeweza kubuniwa na soko, na ajabu ni kwamba hauelezwi kwa anayeugharamia. Pamoja na hayo, nakubali mpaka wake. Chura wa Kihansi atahitaji bajeti ya taifa daima, na nchi inayosubiri kila kiumbe kijilipie kwa wageni imekwisha amua kimyakimya ni viumbe gani wafe.

Mwaka 2020 uliuonyesha mpaka huo kwa ukali zaidi. Watalii walioingia Tanzania walishuka kutoka kama milioni 1.5 mwaka 2019 hadi kama 620,000. Wote waliosema mwaka mmoja kabla kwamba wako tayari kulipa walikuwa bado tayari, ila hawakuweza kuja. Juni mwaka ule, huko Bwindi, dume maarufu la gorila lililoitwa Rafiki liliuawa kwa mkuki na jangili, aliyehukumiwa kifungo cha miaka 11. Si haki kuitupia korona lawama zote, kwa maana ujangili Bwindi una historia ndefu kuliko janga. Lakini kila hifadhi iliyotumia mapato ya mwaka katika mwaka huohuo iligundua kwamba utayari wa kulipa hauwekeki akiba kama fedha. Kwa hiyo sharti linalofikiriwa vizuri linajumuisha mfuko wa akiba, ili mgeni wa mwaka wa neema awalipe askari wa mwaka wa ukame.

Lipo pia swali ambalo tafiti hizi hazikuuliza kwa muda mrefu, nalo ni la wale wanaolipa bila kuhojiwa. Batwa, wenyeji wa misitu ya Bwindi na Mgahinga nchini Uganda, waliondolewa msituni mwaka 1991 hifadhi zilipotangazwa. Mkulima wa mpakani anayelala shambani akifukuza tembo analipa kwa usingizi na kwa mahindi. Uganda kisheria hutoa kwa jamii jirani asilimia 20 ya viingilio vya getini, na Rwanda ina asilimia yake 10. Magawio hayo huchukuliwa kama hisani, wakati kwa hesabu ninayoitetea hapa ni sehemu ya bidhaa yenyewe. Mgeni anasema atalipa ili gorila waendelee kuwepo. Gorila hawawezi kuendelea kuwepo ikiwa jirani yao hataki. Ada isiyomfikia jirani imeshindwa sharti hata kama kila shilingi imekaguliwa.

Yanayotakiwa si mengi. Sheria ya visiwa vya Galápagos, Ecuador, ya mwaka 1998 ilitaja ndani yake nani anapata sehemu gani ya ada ya dola 100, na ada hiyo ilipofikishwa dola 200 Agosti 2024, mjadala ulikuwa na mahali pa kuanzia. Nchi zetu zinaweza kuandika mgawanyo wa namna hiyo, zikautenganisha na kodi, zikautangaza kila mwaka pamoja na idadi ya askari, kilomita za doria, mitego iliyong'olewa, fidia zilizolipwa na hekta zilizopandwa miti kwenye vyanzo vya maji. Kisha utafiti unaofuata ufanywe kwa namna tofauti kidogo. Nusu ya wahojiwa waulizwe swali la siku zote. Nusu nyingine waulizwe swali lilelile baada ya kuonyeshwa hesabu za mwaka uliopita, zilizotimia na zisizotimia. Tofauti ya majibu ya makundi hayo mawili ndiyo thamani ya uaminifu wa hifadhi kwa dola. Ikiwa ni kubwa, Hazina itakuwa imepata chanzo cha mapato kisichohitaji hoteli mpya wala barabara mpya. Ikiwa ni ndogo, au ikielekea chini ya sifuri, itakuwa imejua mapema kwamba tatizo lake halikuwa bei.